Msaada wa kisheria bila malipo Tanzania: hesabu siku kwanza, wakili baadaye

Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kuupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo watu wengi wanaiita CMA. Akizitumia siku hizo kutafuta wakili wa bure, akampata siku ya 40, kazi ya kwanza ya wakili huyo haitakuwa kudai haki yake bali kuomba msamaha wa kuchelewa. Hali ni hiyo hiyo kwenye ardhi, kwenye rufaa, na kwenye mashauri dhidi ya serikali. Mtu asiye na fedha hushindwa mara nyingi kabla hajasikilizwa, kwa kuchelewa au kwa kubisha hodi mlango usio wake. Kwa hiyo maelezo haya yanaanza na kalenda, na wakili anafuata baadaye.

Siku ulizobakiwa nazo

Chukua karatasi, andika tarehe ambayo jambo lilitokea au hukumu ilisomwa, kisha hesabu kuanzia hapo.

Kuachishwa kazi ni siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Hukumu ya mahakama ya mwanzo inakatiwa rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unakatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Tuzo ya CMA haikatiwi rufaa. Inaombewa marejeo, yaani kupitiwa upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Aliyetiwa hatiani kwenye kesi ya jinai katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo (kumbukumbu za kesi) na hukumu.

Kwa mashauri mapya muda ni mrefu zaidi: miaka 3 kwa madhara uliyotendewa, miaka 6 kwa mkataba, miaka 12 kwa ardhi. Hiyo miaka 12 ndiyo inayowalaza watu. Jirani ameingia shambani, mnasubiri wazee wakae, mtoto aliyeko mjini arudi, mvua zipite, na kumbe saa inahesabu.

Ukigundua umebakiwa na siku tano, usianze na barua ya kuomba wakili. Wahi ofisini, chukua fomu, jaza, peleka. Msaada unaweza kukukuta shauri likiwa tayari limesajiliwa. Na kama muda umeshapita, haki haijafa moja kwa moja: unaomba kuongezewa muda (kwa CMA kuna fomu yake, CMA F2), lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa sina fedha" peke yake huwa haitoshi. Cheti cha hospitali, barua ya kuomba nakala ya hukumu yenye muhuri wa kupokelewa, tiketi ya safari ya msibani, hivyo ndivyo vinavyosikilizwa. Ndiyo maana kila barua unayopeleka ofisi yoyote iwe na nakala ya pili, na nakala hiyo igongwe muhuri na tarehe mbele ya macho yako.

Anza na msaidizi wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, ilimtambua rasmi msaidizi wa kisheria: mtu aliyepewa mafunzo, anayefanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa, mara nyingi akiishi kata ile ile unayoishi. Huyu si wakili. Hawezi kusimama mahakamani kukutetea, na haruhusiwi kukutoza fedha. Anachoweza ni kukueleza hatua za kufuata, kukusaidia kupanga maelezo na vielelezo, kuwapatanisha pande mbili zikikubali, na kukupeleka kwa wakili wa taasisi jambo likiwa zito.

Watu humdharau kwa sababu hana joho. Ni kosa. Kwa migogoro ya mipaka, matunzo ya mtoto, mirathi isiyo na ugomvi mkubwa, na kodi ya pango, msaidizi mzuri anamaliza jambo bila kesi kufunguliwa. Na pale ambapo kesi ni lazima, jalada analolipanga yeye ndilo linalomfanya wakili wa kujitolea akubali kulichukua. Wakili wa bure ana majalada mengi mezani. La kwanza kufunguliwa ni lile linaloeleweka kwa kusomwa mara moja.

Utampataje? Nenda ofisi ya halmashauri ya wilaya, manispaa au jiji, ulizia idara ya maendeleo ya jamii. Humo ndimo alimo msajili msaidizi wa watoa huduma za msaada wa kisheria, mwenye orodha ya taasisi zilizosajiliwa kwenye eneo hilo. Mtendaji wa kata naye kwa kawaida anawajua. Ukimpata mtu anayejiita msaidizi wa kisheria, muulize anatoka taasisi gani na umwombe kitambulisho. Asiye na taasisi ni mtu binafsi mwenye maneno mazuri tu.

Juu ya wasaidizi kuna taasisi zenye mawakili wao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilichoanza 1995, kinapokea wateja Dar es Salaam na Arusha. WLAC, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na TAWLA, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, zimejikita zaidi kwenye haki za wanawake na watoto. Ndoa, matunzo, mirathi na ardhi ya wajane ndiyo kazi yao ya kila siku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960. Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kina matawi mikoani, na unaweza kwenda kwenye tawi kuomba wakili wa kujitolea. Zanzibar ina sheria yake, Na. 13 ya 2018, na mlango uliozoeleka huko ni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ZLSC.

Kuna pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, inayozunguka mikoa kwa zamu. Ikifika kwenu, itumie kwa mambo yanayokwisha kwa siku chache: ushauri, mirathi iliyokwama kwa kukosa karatasi, mgogoro wa mpaka ambao maafisa ardhi wakifika uwandani unapoa. Kesi ya miaka miwili haibebwi na msafara wa wiki moja. Omba ukabidhiwe kwa taasisi iliyo karibu nawe kabla hawajafunga mahema. Wiki ya Sheria nayo, inayoishia kwenye Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, hutoa elimu na ushauri bure kwenye viwanja vya mahakama na mahali pa wazi.

Cha kubeba siku ya kwanza

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahakamani usemi huo ni kanuni. Beba yafuatayo, hata kama unaona mengine hayahusiani:

- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa, ikisema wewe ni mkazi na kipato chako ni kidogo. Mwombe mtendaji aandike wazi kwamba huna uwezo wa kulipa wakili. Barua hii hii itakusaidia ukiomba msamaha wa ada mahakamani.
- Kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Kama huna, barua ya mtendaji iwe na picha yako iliyogongwa muhuri juu yake.
- Karatasi zote za jambo lenyewe: mkataba, stakabadhi, hati ya kuuziana shamba, hukumu, wito, barua ya kuachishwa kazi. Beba nakala, usiache asili kwa mtu yeyote.
- Ujumbe wa simu na miamala. Usifute. Usibadilishe simu kabla ya kuonyesha.
- Maelezo ya ukurasa mmoja: nani, nini, lini, wapi, nani alikuwepo, na wewe unataka nini.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Mtu ameumizwa, anataka kuanza na babu yake alivyolima shamba mwaka wa njaa. Msaidizi atasikiliza, lakini karatasi ipangwe kwa tarehe, jambo moja kila mstari. Na sema ukweli unaokuumiza pia: kama uliwahi kusaini karatasi ya kukiri deni, kama ulipokea fidia nusu, kama kuna kesi nyingine ya zamani kuhusu ardhi hiyo hiyo. Mdaawa mwenzako ataitoa siku ya kesi, na wakili wako atabaki ameduwaa.

Asiyejua kusoma asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini, kwa lugha anayoielewa. Maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi yenyewe: imesomwa na nani, kwa lugha gani.

Mlango wa kila jambo

*Kazi.* CMA haitozi ada. Fomu ni CMA F1, na iko kwa Kiswahili. Kama umeachishwa kazi, ijaze pia sehemu B, ambayo ni ya kuachishwa tu. Wengi huiacha wazi. Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, ndipo upeleke yako CMA pamoja na uthibitisho huo. Akikataa kusaini, eleza hivyo kwa maandishi na uende na shahidi. Kosa linalorudiwa sana ni jina la mwajiri: mtu anaandika jina la duka au la meneja, wakati kampuni iliyosajiliwa ina jina jingine. Tazama hati ya mshahara, mkataba, au taarifa ya NSSF. Huhitaji wakili hapo. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mtu uliyemchagua mwenyewe anaweza kukuwakilisha. Kumbuka pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ingawa mshahara wake alioufanyia kazi bado anaudai.

*Ndoa na watoto.* Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka bila hati kutoka Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema usuluhishi umeshindikana. Baraza hilo hupatikana kwenye kata, na kwa dhehebu lako, BAKWATA na makanisa yakiwemo. Nenda huko kwanza, hata kama unajua hakuna cha kusuluhisha. Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kumwita mzazi mwenzako na kuandika makubaliano, na akikaidi jambo linakwenda mahakamani. Ukipigwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo la kwanza, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwendea hospitali, hailipiwi. Simu ya bure ya watoto ni 116.

*Madai madogo na mirathi.* Mahakama ya mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na madai unaweza hata kuyatoa kwa mdomo yakaandikwa. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa huko. Tangu 2021 wanaingia pale tu mahakama inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bila wakili hutasikilizwa mahakama ya mwanzo. Kwa mirathi, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na waliohudhuria ndivyo vinavyoulizwa mwanzo kabisa.

Kama ada ya mahakama inakushinda, omba kusamehewa kabla ya kufungua shauri, kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya mtendaji. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inaombwa. Karani hana wajibu wa kukukumbusha.

*Jinai.* Ukikamatwa kwa kosa linalodhaminika, dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Ukiombwa fedha, hiyo ni rushwa. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kwa kesi za mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili na mahakama, na wakili huyo analipwa na serikali. Tatizo ni kwamba mara nyingi wakili na mshtakiwa huonana kwa muda mfupi mno. Ndugu wasikae kusubiri: mwulizeni msajili wa Mahakama Kuu wakili ni nani, mpelekeeni majina ya mashahidi wenu na mahali wanapopatikana mapema. Hakuna mwingine atakayewatafuta. Kwa kesi nyingine, mshtakiwa anaweza kuiomba mahakama ielekeze apewe msaada wa kisheria; aseme hivyo kwa sauti siku anayosomewa mashtaka, na aombe iandikwe kwenye mwenendo. Aliyeko gerezani anakabidhi kusudio na rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayezifikisha mahakamani. Zile siku 10 zisipite mtu akisubiri ndugu waje.

Ardhi ya kijiji, na jamii za wafugaji na wawindaji

Hapa pana utata zaidi, na ndipo fedha za watu maskini zinapoteketea.

Kwa mgogoro wa mtu na mtu, njia inaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Kisha Baraza la Kata. Hadi 2021 baraza hili lilikuwa linaamua. Sasa linasuluhisha tu. Lakini usiliruke. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri lako bila hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita tangu ulipolalamika bila suluhu. Hivyo siku unayolalamika kata, dai uthibitisho wa maandishi wenye tarehe. Bila karatasi hiyo huwezi kuonyesha kwamba siku 30 zimepita, na baraza la kata lisilokutana linaweza kukuchelewesha mwaka mzima. Mawakili hawaruhusiwi kwenye Baraza la Kata, kwa hiyo hata tajiri anakuja peke yake. Tumia nafasi hiyo.

Mambo yanabadilika upande wa pili ukiwa ni serikali: halmashauri ya wilaya, wakala, hifadhi, hata halmashauri ya kijiji jirani. Tangu 2020 mashauri ya namna hiyo yanatakiwa kutanguliwa na notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na yafunguliwe Mahakama Kuu. Ukipeleka Baraza la Wilaya, litatupwa bila kugusa hoja yako hata moja. Vijiji vingi vimechangishana fedha, vikalipa mtu, vikarudi na karatasi inayosema shauri limeondolewa. Muulize yeyote anayewaandikia: notisi imepelekwa lini, kwa nani, na nakala yenye muhuri iko wapi?

Swali la pili: anayeshtaki ni nani? "Wanakijiji wa mahali fulani" si jina mahakamani. Halmashauri ya kijiji iliyosajiliwa ina uwezo wa kushtaki na kushtakiwa, lakini lazima kuwe na muhtasari wa kikao kilichokubali kufungua shauri. Kama halmashauri imegawanyika au imenunuliwa, kikundi cha watu kinaweza kuomba ruhusa ya mahakama kufungua shauri la uwakilishi, kwa orodha ya majina na saini za wanaowakilishwa. Ruhusa inakuja kwanza, shauri linafuata.

Sasa kuhusu neno "jamii za asili". Wahadzabe, Waakie, Wamaasai na Wabarbaig wanajitambulisha hivyo kwenye mikutano ya kimataifa, lakini Tanzania haina sheria maalumu ya watu wa asili, na msimamo wa serikali umekuwa kwamba Waafrika wote hapa ni wa asili. Kwa hiyo hoja ya kwanza mahakamani isiwe "sisi ni wa asili". Iwe Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999: ardhi hii ni ya kijiji, imetumika kwa mila kwa miaka kadhaa, na haikuhamishwa kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe unajulikana. Rais akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji, taarifa lazima ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali na ipelekwe halmashauri ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye idhini kwa eneo lisilozidi hekta 250, na kwa eneo kubwa zaidi waziri anaamua baada ya kupata mapendekezo yao. Na fidia inakubaliwa kabla ya kuhama. Basi ombeni kwa maandishi nambari ya tangazo, muhtasari wa mkutano mkuu na karatasi za fidia. Muhtasari usiokuwepo, au wenye saini za marehemu, ni kielelezo kizuri kuliko hotuba.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kutofika mahakamani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, UCRT, la Arusha. Hati hiyo inatambua ardhi kama ya jamii nzima, hivyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza. Ili kufika hapo kijiji kinahitaji mipaka isiyobishaniwa na majirani, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, na azimio la mkutano mkuu. Kinachokwamisha ni hicho cha kwanza: vijiji viwili vikibishania mlima mmoja, kila kitu kinasimama. Malizeni mpaka kwanza, hata kama ni kwa kugawana malisho kwa misimu. UCRT, PINGO's Forum (mtandao wa mashirika ya wafugaji na wawindaji) na Baraza la Wanawake wa Kifugaji, PWC, ndizo taasisi za kubisha hodi kwa jamii za kaskazini. Zinajua lugha, na zinajua nani wa kuongea naye kwenye ukoo.

Lugha si jambo dogo. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, jambo jema, lakini bibi anayezungumza Kihadzabe au Kimaasai tu bado anabaki nje. Kwenye jinai, mshtakiwa ana haki ya kutafsiriwa ushahidi. Omba mkalimani siku ya kwanza, na ikiwezekana asiwe ndugu wa upande wowote. Mkalimani akikosea, simama useme hapo hapo. Ukinyamaza, yaliyoandikwa ndiyo yatakayosomwa kwenye rufaa.

Na mahakama za kimataifa zilizopo Arusha? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi Waogiek, jamii ya wawindaji wa Kenya, dhidi ya serikali yao kuhusu ardhi yao tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Lakini Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lake la kuruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki huko moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Msipoteze nauli. Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi, ila ina kisu cha muda: miezi 2 tangu tendo au tangu mlipolijua. Kesi ya Ololosokwan na vijiji vitatu vingine vya Loliondo dhidi ya serikali kuhusu kuhamishwa kwa wafugaji, iliyofunguliwa 2017, ilitupwa Septemba 2022 kwa sababu mahakama ilisema haikuthibitishwa kwamba maboma yaliyochomwa yalikuwa kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya hifadhi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliirudisha isikilizwe upya. Miaka sita ilipita swali likiwa ni mstari kwenye ramani. Siku ya tukio lolote la kuhamishwa, mtu mmoja apige picha kwa simu iliyowashwa mahali, arekodi vipimo vya GPS vya kila boma, aandike jina la mwenye boma na saa. Kazi hiyo haihitaji wakili, na wakili hataweza kuifanya miezi mitatu baadaye.

Kama mnachotaka ni uchunguzi na mapendekezo kuliko hukumu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila ada wala wakili. Haina nguvu ya kumfunga mtu, lakini barua yake huwafanya maofisa wajibu.

Ukilazimika kulipa kidogo

Si lazima umlipe wakili kesi nzima. Unaweza kulipia kipande: kuandikiwa hati ya madai, kupitiwa vielelezo, au kusimamiwa siku ya mashahidi tu. Makubaliano yawe ya maandishi, yataje ada ya mahakama, nakala na nauli ni za nani, na kila malipo yawe na stakabadhi. Malipo ya mahakama na ya serikali yanalipwa kwa kontroo namba. Anayekuambia utume ada ya mahakama kwenye simu yake binafsi anakuibia.

Vishoka wanazunguka kwenye viwanja vya mahakama na stendi. Utawajua kwa ahadi: "nina mtu ndani", "hii kesi tumeshashinda". Jina la wakili linaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Leseni yake huhuishwa kila mwaka. Huna intaneti? Mwombe karani wa Mahakama Kuu au tawi la TLS likuangalizie. Hati iliyoandaliwa na asiye wakili kwa malipo inaweza kukataliwa, na fedha yako hairudi.

Taasisi ikikukatalia, uliza sababu na uiombe kwa maandishi. Mara nyingi si kwamba huna haki. Ni kwamba jambo si la fani yao, au mpinzani wako tayari ni mteja wao, na hapo sheria ya maadili inawakataza kukuchukua. Waombe wakuandikie barua ya kukuelekeza kwa taasisi nyingine, uende nayo. Kama unaona umeonewa, au umetozwa fedha na msaidizi wa kisheria, peleka malalamiko kwa msajili msaidizi pale pale halmashauri, ukiwa na tarehe, jina na kiasi.